Riwaya ya Njozi Husomwa kwa Siku Ngapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka. Inachapishwa kama ilivyosomwa, ila salamu za mwanzo zimeachwa.)



Nimepewa dakika 20, nami nitajitahidi nisizipite, maana nawaona vijana wa kidato cha kwanza wamekwisha kugeuza shingo upande wa jikoni.

Katika ajenda ya mkutano wa alasiri limo pendekezo la kamati kwamba chama chetu kitoe kikombe kila mwaka kwa mwanafunzi atakayesoma riwaya nyingi kuliko wenzake. Nia ni njema, na fedha za kikombe zimekwisha kuahidiwa na mwenzetu mmoja mkarimu. Ndugu Katibu akaniomba nizungumze machache juu ya usomaji ili kulitia nguvu pendekezo hilo. Nilikaa nikalifikiria juma zima, na kila nilipolifikiria lilizidi kunitia mashaka. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa Ndugu Katibu, nimekuja na swali badala ya sifa: je, mtu huisoma riwaya aipendayo kwa muda gani? Nimechagua riwaya za njozi, yaani zile za majini, za nchi zisizomo katika ramani yoyote, za watu wanaogeuzwa wanyama na wanyama wanaosema. Nimezichagua kwa sababu ndizo tulizozigombania sisi, na mwalimu wa maktaba ameniambia ndizo mnazozigombania ninyi.

Najua baadhi ya wazee wenzangu mmekwisha kuiweka tayari kinywani ile methali ya haraka na baraka. Irudisheni. Methali ina tabia ya kufunga mazungumzo kabla hayajafunguliwa, na isitoshe si kweli kwamba kila asomaye upesi ametoka mikono mitupu. Nimepata kukisoma kitabu kwa usiku mmoja, na kesho yake nikawa kama mtu aliyeshuka melini, ardhi bado inanichezacheza miguuni. Kinyume chake, kwa miaka 27 nililipwa mshahara kwa kusoma polepole, na kuna vitabu nilivyovisoma hivyo ambavyo siwezi kuwaambia vilihusu nini. Nitalirudia jambo hilo.

Kwanza nataka vijana mjue tulivyosoma sisi. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1974, maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja, na kabati la hadithi za Kiswahili lilikuwa moja, tena lenye mlango usiofungika vizuri. Humo vilikuwamo Kusadikika na Adili na Nduguze, vyote vya Shaaban Robert. Vilikuwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri za zamani, ya kwanza ya mwaka 1929 na ya pili ya mwaka 1940. Na vitabu vidogo vya Alfu Lela Ulela ambavyo vilikuwa vimepoteza majalada. Kila kitabu nakala moja. Kila nakala siku tatu. Na nyuma ya kila aliyekishika kitabu walikuwapo watu wanane au kumi wakimhesabia saa.

Jenereta lilizimwa saa nne usiku. Baada ya hapo mwenye tochi alisoma chini ya blanketi, mwenye rafiki jikoni alisoma penye moto, na siku za mbalamwezi ungekuta safu ya wavulana barazani wameinamia kurasa kama watu watafutao sindano. Vijana, msidhani tulikuwa na akili nyepesi kuliko zenu. Tulisoma upesi kwa sababu ya foleni. Tena kulikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko foleni: aliyetangulia kumaliza alikuwa na uwezo wa kukuharibia. Wakati wa uji angeweza kusimama katikati ya bwalo na kutangaza yaliyompata nani mwishoni, na hapakuwa na kanuni ya shule iliyomkataza.

Juma lililopita mwalimu wa maktaba alinitolea daftari la kuazimia la miaka 1975 hadi 1977. Mchwa wamekula pembe zake, lakini majina yanasomeka (na faini pia zinasomeka, wala sitataja ni mheshimiwa gani aliyemo humu ambaye hajalipa mpaka leo). Nililipitia mstari kwa mstari, kama nilivyozoea kazini. Adili na Nduguze kilikuwa kikitoka leo na kurudi kesho. Kusadikika kilirudi siku ya tatu, siku ya mwisho, na mara nyingine kikachelewa. Navyo ni vitabu vya mwandishi mmoja, vilivyotoka kwa kupishana mwaka mmoja tu, 1951 na 1952, wala hakuna kilicho kinene. Basi tofauti ilitoka wapi?

Tazameni jinsi Adili na Nduguze kinavyoanza kumvuta mtu. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili kuchukua kodi. Adili ni mtu mwema, msifiwa wa watu wote. Lakini usiku Ikibali anamchungulia na kumwona akiwapiga manyani wawili. Mtu mwema, usiku, kwa siri, anawapiga wanyama! Hapo mwandishi amekwisha kukutia kamba puani. Huwezi kulala mpaka ujue manyani wale ni nani, na ukijua kwamba ni nduguze mwenyewe, Hasidi na Mwivu, unataka kujua walifanya nini hata wakageuzwa. Kila jibu lina swali mgongoni. Ufundi huo ni wa kale: wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kisa hicho kimejengwa juu ya hadithi moja ya Alfu Lela Ulela, na kitabu hicho chote kinasimama juu ya mwanamke aliyeokoa maisha yake kwa kukatiza hadithi alfajiri, pale panapouma. Kwa hiyo kijana aliyekirudisha Adili kesho yake hakuwa amekidharau kitabu. Kitabu ndicho kilichomkimbiza.

Kusadikika hakikimbizi. Ni nchi iliyo angani, na Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya baraza. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali na kurudi wakapata adhabu badala ya shukrani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe ni hadithi kamili. Ukimaliza mmoja umefika kituoni. Unaweza kushuka, ukanywa maji, ukafikiri. Na kuna cha kufikiri, maana kitabu kilitoka wakati wa ukoloni na kinazungumza juu ya watu wanaoadhibiwa kwa kuleta mawazo mema. Wavulana wa daftari lile walikuwa wakikisoma kwa mwendo wa wajumbe. Vitabu viwili, mtu yule yule, macho yale yale, na mwendo tofauti. Kikombe chetu kingevihesabu sawa: kimoja na kimoja.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa kuwa niliahidi hesabu.

Jicho la msomaji haliteremki juu ya mstari kama maji. Huruka, likatua, likaruka tena, na kila linapotua hukaa kama robo ya sekunde. Mara moja katika kila miruko kumi, au zaidi kidogo, hurudi nyuma kutazama lililopita. Mwaka 2019 mtaalamu Marc Brysbaert wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, alikusanya matokeo ya tafiti 190 juu ya mwendo wa kusoma. Alipata kwamba mtu mzima asomaye Kiingereza kimoyomoyo husoma kwa wastani maneno 238 kwa dakika katika maandishi ya maarifa, na 260 katika hadithi. Kwa sauti ni 183. Na hapa pana jambo lililonichekesha: hadithi husomwa upesi zaidi, lakini maelezo anayoyatoa si utamu wake. Ni kwamba maneno ya hadithi ni mafupi.

Urefu wa maneno! Ndugu zangu, mtu aliyekula mkate wake katika mtambo wa uchapaji hawezi kulipita jambo hilo. Chukueni neno letu moja tu, "hatukumwambia". Mwingereza anahitaji maneno matano kulisema. "Asingalitukumbuka": Mwingereza anahitaji sita. Sisi tunafunga mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa katika furushi moja, na jicho lazima lilifungue. Kwa hiyo kijana asomaye riwaya ya Kiswahili atahesabiwa maneno machache kwa dakika kuliko mwenziwe asomaye ya Kiingereza, hali wamebeba mzigo ule ule. Mkimpa mwalimu saa ya mkononi na kumwambia apime nani msomaji hodari, atapima lugha, wala hatapima mtoto.

Kuna wanaosema mwendo huo unaweza kuzidishwa mara tatu, mara kumi. Huko Marekani, tangu mwaka 1959, Bibi Evelyn Wood alipata jina kubwa kwa kufundisha watu kuteremsha mkono juu ya ukurasa na kuumeza kwa mtazamo mmoja. Mwaka 2016 marehemu Keith Rayner, aliyetumia maisha yake kuchunguza macho ya wasomaji, pamoja na wenzake, walichapisha mapitio marefu ya madai hayo. Walichokiona ni kwamba mwendo ukizidishwa sana, ufahamu hupungua. Na kinachomfanya mtu asome upesi zaidi na kuelewa ni kuijua lugha vizuri na kuwa na msamiati mpana. Njia ya mkato hawakuiona. Hata hivyo mabingwa wapo. Usiku ule wa Julai 2007 kilipotolewa kitabu cha mwisho cha Harry Potter, bingwa wa Kiingereza Anne Jones alikimaliza kwa dakika 47, kitabu chenye kurasa zaidi ya 600. Hizo ni kurasa kama 13 kwa dakika. Namvulia kofia. Lakini kitabu kile watoto wa dunia walikuwa wamekingojea miaka miwili, na nadhani wengi wao wangechukizwa kama kingekwisha kabla chai haijapoa.

Wenzao wa zamani waliongojea kitabu kingine cha njozi waliona taabu zaidi. The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien kilitolewa kwa juzuu tatu: ya kwanza Julai 1954, ya pili Novemba mwaka ule ule, na ya tatu ikakawia mpaka Oktoba 1955. Juzuu ya pili inakwisha wakati mbeba pete yuko mikononi mwa adui, na humo ndimo walimoachwa wasomaji kwa miezi 11. Kitabu chote kina maneno zaidi ya 450,000. Kwa mwendo wa Brysbaert hiyo ni kazi ya saa 30 hivi. Mtu akijipa saa moja kila usiku, ni mwezi mzima. Tolkien mwenyewe alikiandika kwa miaka 12 hivi kuanzia 1937. Na mwigizaji Christopher Lee, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 93, alikuwa akisema kwamba hukisoma kila mwaka. Ndugu Mwenyekiti, kikombe chetu kingemhesabia mzee yule kitabu kimoja kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kisingemhesabia kitu.

Niruhusuni nikae kidogo katika jambo linalozihusu riwaya za njozi peke yake, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya dakika inapoacha kutusaidia.

Mtu akisoma riwaya ya mambo ya kawaida, anaingia humo akiwa na mizigo yake. Anajua basi ni nini, anajua mjomba ni nani, anajua mvua ikinyesha watu hukimbilia barazani. Mwandishi hahitaji kumweleza. Lakini ukiingia katika riwaya ya njozi unaingia kama mgeni bandarini. Hujui fedha ya hapo, hujui salamu, hujui lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Je, hapa wanyama husema? Je, wafu hurudi? Kwa hiyo kurasa 20 za mwanzo ni nzito, na msomaji mzuri kabisa huenda humo kwa mwendo wa kobe. Halafu ghafla nchi inakuwa yake, naye anaanza kukimbia. Na kama amekipenda kitabu, linatokea jambo la tatu ambalo sijaliona likipimwa na mtaalamu yeyote: zikibaki kurasa kumi anapunguza mwendo kwa makusudi. Anakifunga, anakwenda kufua shati ambalo si chafu. Hataki kutoka. Wangapi humu ndani wamefanya hivyo? Naona mikono, naona hata mkono wa Mwalimu Mkuu.

Zipo njozi nyingine ambazo nchi yake haiwi yako kamwe. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, haifiki hata kurasa mia. Kijana anayetafuta kitabu chembamba ili aongeze hesabu ya kikombe ataichukua kwa furaha. Nampa pole. Mimi iliniweka siku tisa, na bado kuna kurasa ambazo huzirudia kila mwaka kama mtu anayekwenda kuangalia kama mlango umefunguliwa. Ama Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995: asomaye kwa mbio ataliona jina hilo la nchi mara mia na kulidhania ni jina tu. Atakayelitamka taratibu, silabi kwa silabi, litamvunjikia mdomoni na kuwa maneno matatu, wale ni sisi. Na hapo hadithi yote itageuka na kumtazama yeye.

Lakini polepole peke yake si dawa. Niliahidi kulirudia hilo. Kazi yangu ilikuwa kusoma prufu. Mwenzangu alisoma maandishi ya asili kwa sauti, hata vituo akivitaja, nami nikifuata kwa kalamu herufi kwa herufi, nikitafuta "n" iliyopinduka ikawa "u". Hakuna mwanadamu asomaye polepole kuliko hivyo. Na jioni mke wangu akiniuliza kitabu cha leo kilisema nini, nilikuwa na uwezo wa kumwambia kilikuwa na makosa 41. Nimewahi kununua dukani kitabu ambacho nilikuwa nimekipitisha mwenyewe, nikakisoma kitandani kwa siku mbili, nikashangaa jinsi kilivyo kizuri. Mwendo ni wa msomaji na kitabu chake na shida yake ya siku ile. Nataka watu wengine wauache.

Yupo mwenzetu mmoja wa mwaka wangu tuliyempa jina la mnyama aendaye polepole. Sitalitaja, kwa sababu mwenyewe yumo ukumbini, lakini ameniruhusu kusema haya. Alisoma huku midomo ikicheza. Mwalimu mmoja wa wakati ule alikuwa na desturi ya kutusomesha kimya kwa dakika tano, kisha kila mtu ataje ukurasa aliofikia, na wa mwisho husimama mpaka kipindi kiishe. Mwenzetu huyu alisimama vipindi vingi. Mwaka 1976 ilifika zamu yake ya Adili na Nduguze. Siku tatu zikapita, hajafika hata nusu. Waliokuwa nyuma yake katika foleni walipeleka malalamiko kwa kiranja, na kitabu kikachukuliwa mkononi mwake. Alikuwa amefika mahali Adili anapoingia katika ule mji ambao watu wake wamekuwa mawe.

Usiku wa siku ile, jenereta lilipozimwa, mtu mmoja alimwambia kwa mzaha, "Haya, tusimulie ulichosoma." Akasimulia. Alisimulia karibu saa nzima, na bweni zima likanyamaza. Alikuwa na kila kitu: nani alisema nini, nani alisimama wapi. Sisi tulioimaliza kwa usiku mmoja tulijua mwisho wa hadithi. Lakini nilipomsikiliza nilitambua kwamba mji ule wa mawe mimi nilikuwa nimeupita mbio, kama mtu apitaye kituo kwa gari la moshi. Alipofika pale kitabu kilipochukuliwa, akanyamaza. Tukamwambia tutamwambia kilichobaki. Akakataa.

Hakukipata tena. Likizo ilifika, kisha mitihani, kisha kitabu kikapotea. Jana jioni nilimwuliza kama aliwahi kukimaliza. Akaniambia alikimaliza mwaka 1995, miaka 19 baadaye, aliponunua nakala ya binti yake na kumsomea nusu ukurasa kila usiku, maana mtoto alikuwa akisinzia. Akaongeza kwamba miaka yote hiyo aliogopa kidogo kukitafuta, kwa kuwa mwisho alikuwa amekwisha kujitungia mwenyewe. Nikamwuliza upi ni bora, wa Shaaban Robert au wake. Akacheka, akasema, "Katika mwisho wangu, wale manyani hawakusamehewa."

Ndugu Mwenyekiti, mtoto kama yule yumo katika shule hii leo. Pengine wamo kumi. Kikombe cha idadi kitawafanya wasimame tena, safari hii mbele ya wageni na wazazi. Na walio wepesi kitawafundisha kuchagua vitabu kwa unene, kuulizana mwisho, na kuandika majina ya vitabu wasivyovifungua. Sisi tulikuwa na orodha ya namna hiyo mlangoni mwa maktaba kwa muhula mmoja tu, na kabla ya likizo palikuwa na mvulana aliyekuwa na vitabu 60, vitatu kati yake havikuwamo kabatini.

Basi, pamoja na heshima kwa mwenzetu aliyeahidi fedha, naomba mkutano wa alasiri ulibadili pendekezo hivi. Fedha za kikombe zinunue nakala nane nane za vitabu vichache, wala si nakala moja moja za vitabu vingi vya kupamba rafu. Vianze Adili na Nduguze, Kusadikika, Walenisi, Nagona pamoja na mwenzake Mzingile, Bina-Adamu! cha Kyallo Wamitila na Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed. Pili, muda wa kuazima, ambao mwalimu wa maktaba ameniambia sasa ni siku saba, uwe siku 21, na mwanafunzi aruhusiwe kuongeza mara moja bila kuulizwa kwa nini. Tatu, daftari la kuazimia liongezwe safu moja ndogo ya kutia alama pale mwanafunzi anapokirudia kitabu alichokwisha kukisoma. Sitaki atuzwe kwa hilo. Nataka tu mwalimu akiiona alama hiyo ajue ni kitabu gani cha kununulia nakala nyingine.

Kama mkutano utaona ni lazima kikombe kiwepo, basi kipewe timu ya mpira. Wao kazi yao ni kukimbia.

Nakala moja ya Adili na Nduguze nimekuja nayo mwenyewe, iko kwenye meza ya Katibu. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa maktaba mtu wa kwanza kuiazima awe mwenzetu yule, kama atapenda kwenda nayo nyumbani, na kwamba asiandikiwe tarehe ya kurudisha.